Frances Cobbe: Mwandishi aliyewataka mahakimu watazame hatari inayomngoja mke

MTAA wa Kitisuru, magharibi mwa jiji la Nairobi, unajulikana kwa kuta ndefu, malango ya chuma na bustani pana zilizochukua mahali pa mashamba ya kahawa ya enzi ya ukoloni. Mke anayepigwa ndani ya nyumba ya namna hiyo si rahisi asikike na jirani.

Ndani ya wadi hiyo hiyo ya Kitisuru, katika eneobunge la Westlands, upo pia mtaa wa mabanda wa Kibagare. Huko kuta ni za mabati, na kilio cha usiku hupenya hadi nyumba ya tatu. Hata hivyo, wengi wanaokisikia hujifunika shuka wakisema kuwa hayo ni mambo ya mtu na mkewe.

Wanawake wa pande hizo mbili wanapofika mbele ya hakimu kuomba amri ya ulinzi, jambo kuu analopaswa kulipima ni moja. Je, mwanamke huyu akirudi nyumbani leo, atakuwa salama kesho?

Swali hilo lina historia ndefu. Mmoja wa waliolisukuma hadi likaingia katika sheria za Uingereza, ambako Kenya ilirithi sehemu kubwa ya sheria zake, alikuwa mwandishi wa magazeti, Bi Frances Power Cobbe. Alifariki mwaka 1904, miaka mitano tu baada ya reli kufika Nairobi.

Cobbe alizaliwa Desemba 4, 1822 jijini Dublin, Ireland, katika familia ya Kiprotestanti iliyomiliki ardhi kubwa. Alilelewa Newbridge, jumba la ukoo wao lililoko Donabate, kaskazini mwa jiji hilo. Alikuwa kitinda mimba na binti pekee, akiwa na kaka wanne.

Binti huyo alipelekwa kwa miaka miwili katika shule ya wasichana mjini Brighton, Uingereza. Shule hiyo ilitoza karo kubwa, lakini ilitilia mkazo zaidi muziki, dansi na adabu za ukumbini. Aliporejea nyumbani alianza kujisomesha mwenyewe, na kasisi wa parokia yao akamsaidia kujifunza Kigiriki na jometri.

Mamake alifariki mwaka 1847, wakati Ireland ilikuwa imekumbwa na njaa kubwa. Baada ya msiba huo, Cobbe alimfahamisha babake kwamba hakuyaamini tena mafundisho yote ya kanisa lao. Mzee Charles Cobbe, aliyekuwa mtu mkali, alimwamuru aondoke, naye akaenda kuishi kwa kaka yake huko Donegal hadi alipoitwa tena kuja kuitunza nyumba.

Babake alipofariki mwaka 1857, jumba na mashamba vilimwendea kaka mkubwa kama ilivyokuwa desturi. Binti aliyeiendesha nyumba hiyo kwa miaka 10 aliachiwa posho ya kila mwaka tu. Akiwa na umri wa miaka 35, alijikuta hana makao yake mwenyewe.

Kisa hicho kilimfunza mapema kwamba mtu asiye na mali wala makao yake huishi kwa hiari ya mwenye nyumba. Somo hilo lingejitokeza tena alipoanza kuandika kuhusu wake waliopigwa na kushindwa kuondoka.

Cobbe alikata nywele zake ili asihitaji mjakazi wa kumsuka njiani, akafunga safari peke yake hadi Italia, Misri, Jerusalem na Ugiriki. Aliporudi mwaka 1858 alikwenda Bristol kufanya kazi na Mary Carpenter, mwanamke aliyeendesha shule ya kurekebisha tabia za wasichana waliovunja sheria.

Mjini Bristol aliyaona maisha ambayo hakuyajua Newbridge. Alitembelea vibanda vya maskini na nyumba za kuwahifadhi mafukara, akapigania wagonjwa wasio na tiba watengewe vitanda na huduma bora humo. Ni huko alikojifunza kukusanya habari, kuzipanga na kuzigeuza kuwa hoja ambayo mbunge hangeweza kuipuuza.

Mwaka 1862 alisoma hotuba akitaka wanawake waruhusiwe kufanya mitihani ya vyuo vikuu. Magazeti mengi ya London yalimfanyia mzaha. Leo ni vigumu kueleza kwa nini pendekezo hilo lilionekana kuwa kichekesho.

Katika safari zake za Italia alikutana na Mary Lloyd, mchongaji sanamu kutoka Wales. Wawili hao waliishi pamoja, kwanza jijini London na baadaye Wales, hadi Lloyd alipofariki mwaka 1896.

Gazeti la jioni la Echo lilipoanzishwa London mnamo Desemba 1868, Cobbe aliajiriwa kuandika tahariri. Kwa takriban miaka saba alifika ofisini asubuhi tatu kila wiki, akasoma habari za siku, akachagua jambo na kuliandikia maoni kabla ya gazeti kwenda mtamboni. Wanawake waliokuwa na kazi ya aina hiyo wakati huo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Mwaka huo wa 1868 alichapisha pia makala iliyoonyesha kwamba sheria ya Uingereza iliwaweka wanawake walioolewa katika kundi moja na wahalifu, punguani na watoto, kwa kuwa wote hao hawakuruhusiwa kusimamia mali zao kikamilifu. Mke alipoolewa, jina lake kisheria lilimezwa na la mumewe, na vitu vyake vingi vikawa vya mume.

Kazi ya gazetini ilimfanya asome taarifa za mahakamani siku baada ya siku. Alianza kuona kwamba visa vya wake waliopigwa, kukanyagwa kwa viatu vyenye misumari au kumwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa havikuwa ajali za hapa na pale. Vilikuwa na mpangilio unaofanana.

Tangu mwaka 1853 palikuwa na sheria iliyomruhusu hakimu kumfunga kwa hadi miezi sita mwanamume aliyemshambulia vibaya mwanamke au mtoto. Kesi za aina hiyo zilizofikishwa mahakamani zilizidi 2,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1870. Lakini mume alipomaliza kifungo alirudi katika nyumba ile ile, kwa mke yule yule aliyetoa ushahidi dhidi yake.

Baadhi ya wabunge walipendekeza wanaume hao wachapwe viboko. Serikali ilikusanya maoni ya majaji na mahakimu kuhusu jambo hilo na kuchapisha ripoti mwaka 1875. Wengi waliliunga mkono.

Cobbe alilitazama kwa jicho tofauti. Hakuwahurumia wapigaji, ila aliuliza nini kingempata mke siku mume atakaporudi na makovu mgongoni. Aliona kwamba wanawake wengi wangeogopa kushtaki, na waliothubutu wangelipiziwa kisasi. Adhabu, kwa hoja yake, ilipaswa kupimwa pia kwa hatari ambayo ingemletea yule iliyokusudiwa kumlinda.

Mapema mwaka 1878, baada ya kusoma taarifa nyingine za aina hiyo gazetini, aliamua kwamba tahariri hazikutosha. Aliandaa makala ndefu iliyotoka katika jarida la Contemporary Review mnamo Aprili 1878, na papo hapo akaanza kutayarisha mswada wa sheria kwa msaada wa mwanasheria Alfred Hill wa Birmingham.

Katika makala hiyo alikataa neno lililozoeleka la kupiga wake. Aliona neno hilo linapunguza uzito wa jambo, na kuwafanya watu wafikirie kofi moja la hasira. Akachagua kuliita mateso.

Jambo la pili alilolisisitiza ndilo linalompa nafasi katika historia ya fani ya kupima hatari. Alionyesha kwamba ukatili wa mume huwa na mwendo. Huanza na kofi, ukaendelea hadi kipigo cha mara kwa mara, ukafikia kumlemaza au kumpofusha mke, na mwisho wake ni mauaji. Kwa hiyo tukio moja lililo mbele ya hakimu halikupaswa kutazamwa peke yake, bali kama hatua katika njia inayojulikana iendako.

Jambo la tatu lilikuwa chanzo. Cobbe hakukanusha kwamba ulevi, dhiki na msongamano wa nyumba huchochea ukatili. Lakini alishikilia kwamba mzizi wake ni imani ya mume kwamba mke ni mali yake, imani ambayo sheria yenyewe iliithibitisha kwa kumnyima mke haki zake.

Bahati ilimwendea vyema. Lord Penzance, aliyewahi kuwa jaji wa mahakama ya talaka, alikuwa na mswada mwingine wa masuala ya ndoa katika bunge la malodi. Alikubali kuingiza humo kifungu kilichobeba kiini cha pendekezo la Cobbe, na sheria hiyo ikapitishwa Mei 1878.

Kifungu hicho kilisema kwamba mume akitiwa hatiani kwa kumshambulia mkewe vibaya, na hakimu akiridhika kwamba usalama wa mke wa siku zijazo umo hatarini, basi angeweza kuamuru mke asilazimike tena kuishi na mume huyo. Hakimu angeweza pia kumwamuru mume alipe matunzo ya kila wiki, na kumpa mama watoto walio chini ya umri wa miaka 10.

Kabla ya hapo, mke aliyetaka kutengana kisheria alihitaji kwenda kwenye mahakama ya talaka iliyokuwa London, kwa gharama ambayo mke wa kibarua hangeweza kuimudu. Sasa angeweza kupata nafuu kwa hakimu wa mjini kwake.

Wanaofunza maafisa wanaoshughulikia dhuluma za kinyumbani wataona kwamba kifungu hicho kilikuwa na sehemu mbili za kazi yao. Sehemu ya kwanza ni kupima: hatari ni kubwa kiasi gani? Sehemu ya pili ni kuidhibiti: mke atalala wapi, atakula nini, na watoto watakuwa na nani?

Hata hivyo, kulikuwa na kasoro. Sheria ilisubiri mume apatikane na hatia ya shambulio baya ndipo swali la kesho liulizwe, na mke aliyethibitika kuzini angeweza kunyimwa matunzo na watoto. Zaidi ya hayo, haikumpa hakimu kipimo chochote wala mafunzo. Kila mmoja aliachwa akisie kwa busara zake, na mara nyingi kwa mazoea yake kuhusu ndoa.

Cobbe mwenyewe alikuwa na upofu wake. Aliamini kwamba ukatili wa kuhatarisha maisha ni tatizo la mitaa ya wafanyakazi maskini, akautaja mji wa Liverpool kama mfano mbaya zaidi. Alikiri kwamba wapo waume wa tabaka la juu wanaowapiga wake zao kuliko watu wanavyodhani, lakini akasema ni nadra kipigo hicho kuwa cha hatari.

Alikuwa akitegemea taarifa za mahakamani, na waliofikishwa mahakamani walikuwa maskini. Waliokuwa na nyumba kubwa, daktari wa familia na wakili hawakuonekana katika taarifa hizo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwa matajiri hata kifo kiliweza kupewa jina jingine.

Hapo ndipo mfano wa Kitisuru na Kibagare unaporudi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kudhulumiwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Idadi kama hiyo haiwezi kuwa ya mitaa ya mabanda pekee.

Kenya ilirithi mfumo huo wa sheria. Kwa miongo mingi ilikuwa na sheria ya enzi ya ukoloni iliyowaruhusu mahakimu kutoa amri za kutengana na matunzo, ambayo ilifutwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Mwaka uliofuata, 2015, ikapitishwa Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani.

Sheria hiyo ya 2015 ilikwenda mbali kuliko alivyoota Cobbe. Haisubiri hukumu ya jinai. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda ya ulinzi hata kabla ya mlalamikiwa kusikizwa. Inatambua dhuluma za kiuchumi, za kisaikolojia na kufuatwafuatwa, wala haiwahusu mke na mume pekee. Polisi wanaopokea malalamiko wana wajibu wa kumweleza mwathiriwa hatua anazoweza kuchukua na kumsaidia kupata matibabu na hifadhi.

Lakini swali la kupima limebaki kuwa gumu, na linahitaji watu waliofunzwa. Ilichukua zaidi ya miaka 100 baada ya makala ya Cobbe kabla ya kupatikana vipimo vya kitaalamu. Mwaka 1985 muuguzi na mtafiti Mmarekani, Jacquelyn Campbell, alitunga orodha ya maswali ya kukadiria uwezekano wa mwanamke kuuawa na mwenzi wake. Wataalamu wa Canada walitunga mwongozo wao katika miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2009 vikosi vingi vya polisi Uingereza vilianza kutumia orodha iitwayo DASH.

Utafiti umeonyesha ishara ambazo afisa ambaye hakufunzwa huzipuuza kwa urahisi. Kukabwa koo, hata kama hakukuacha alama, ni dalili nzito ya mauaji. Vivyo hivyo vitisho vya kuua au kujiua, bunduki ndani ya nyumba, wivu wa kupindukia unaoambatana na kumchunga mke kila aendako, kipigo wakati wa ujauzito, na visa vinavyozidi ukali au kukaribiana. Wakati mke anapoondoka, au anapotangaza kwamba ataondoka, mara nyingi ndio wakati wa hatari kubwa zaidi.

Mafunzo hayo humwelekeza afisa asimhoji mke mbele ya mumewe, wala asimrudishe nyumbani kwa ahadi ya maridhiano kabla ya kupima hatari. Humfundisha kwamba hofu ya mwathiriwa ni ushahidi wa kuzingatiwa, lakini pia kwamba waathiriwa wengi huipunguza hatari wanayokabiliwa nayo. Humkumbusha kuwa orodha ya maswali haichukui nafasi ya uamuzi wake, bali humsaidia asisahau la kuuliza.

Kisha huja udhibiti. Nani atamjulisha mke mumewe akiachiliwa kwa dhamana? Nani ataichukua silaha? Je, shule ya watoto inafahamu? Hospitali, polisi na korti zisipopashana habari, kila moja hubaki na kipande kimoja cha picha.

Kenya imepiga hatua. Vituo vya polisi vimekuwa na madawati ya jinsia tangu miaka ya 2000, na mwaka 2022 mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kijinsia ilifunguliwa Shanzu, Mombasa. Januari 27, 2024, maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine kulaani mauaji ya wanawake. Januari 2025, Rais William Ruto aliteua jopo la watu 42 kulichunguza tatizo hilo.

Ufa unaozungumziwa hapa ni ule alioutambua mwandishi wa karne ya 19. Wengi wa wanawake waliouawa na wenzi wao duniani walikuwa wameshapigwa au kutishwa kabla ya siku ya mwisho, na mara nyingi kulikuwa na mtu aliyejua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ukuta huo haujengeki.

Cobbe hakuishi kuyaona hayo. Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi kupinga majaribio ya kupasua wanyama walio hai, kazi aliyoianzia chama mwaka 1875 na kingine mwaka 1898. Mwaka 1884 yeye na Lloyd walihamia Hengwrt, karibu na Dolgellau huko Wales, na mwaka 1894 akachapisha kumbukumbu za maisha yake, ambamo aliitaja sheria ya 1878 kuwa miongoni mwa kazi zilizompa faraja zaidi.

Alifariki Aprili 5, 1904 akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa Llanelltyd kando ya Mary Lloyd. Wanawake wa Uingereza walikuwa hawajapata kura, jambo aliloamini lingewafanya wabunge wayasikie mapema zaidi malalamiko ya wake.

Swali lake linaendelea kuulizwa kila siku katika madawati ya polisi na vyumba vya korti. Kwa mwanamke aliyetoka nyuma ya lango la Kitisuru usiku, au aliyekimbia kutoka Kibagare akiwa na mtoto mgongoni, jibu hutegemea kama afisa anayemkuta mezani amefunzwa kuliuliza.